Kiganja cha Kushoto

Bi Zuleha aliingia Kibondo na begi tupu.

Begi lenyewe kubwa, la zipu mbili, lile alilozoea kusafiria kwenda Tanga kwa ndugu zake. Safari hii ndani mlikuwa na kanga za kubadilisha na kifurushi kidogo cha gazeti, basi. Nafasi iliyobaki ilikuwa ya nguo za mtoto. Alikuja kumchukua mjukuu wake Firdausi akalelewe Kasulu, na jambo hilo hakumficha mtu. Alilitangaza siku ya arobaini ya mtoto, mbele ya wanawake waliojaa sebuleni kwa mwanawe, bila kupepesa macho.

“Kunyonyesha sawa,” alisema siku ile. “Ziwa halitaki mkono wa pili, mtoto analazwa pajani anajihudumia. Lakini uji? Uji ni mikono miwili, jamani. Mmoja unanywesha, mwingine unakinga. Huyu atakinga kwa nini? Kwa kidevu? Mtoto akianza uji nakuja kumchukua.”

Wanawake walicheka wakaziba midomo kwa kanga. Na huyo aliyesemwa, Asmahani, mke wa Ridhiwani, alikuwa nyuma ya pazia na mtoto kifuani, akasikia kila neno.

Asmahani alizaliwa na mkono mmoja. Wa kulia ulikuwa mzima, wa kushoto uliishia chini kidogo ya kiwiko, mviringo, laini. Kwao ni Makere, binti wa mzee Harerimana, watu wa asili ya Burundi waliokaa sana nchini hadi wakapata uraia. Nyumbani aliitwa Esteri, na aliposilimu aolewe na Ridhiwani ndipo akawa Asmahani. Bi Zuleha hakumchukia, tusimsingizie. Alimkuta binti ana adabu, anaswali, anapika maharage yakapikika. Lakini mapishi ni mapishi na mtoto ni mtoto. Bi Zuleha alikuwa amelea watoto saba, tena mke wa Khatibu, mwenye duka la vitambaa Kasulu mjini, yeye mwenyewe fundi wa cherehani anayejulikana. Hakuona kwa nini mjukuu wake wa kwanza kwa mtoto wa kiume afanyiwe majaribio.

Na kitu kimoja kilichomuuma Asmahani kuliko yale maneno ya kidevu ni jina. Kwetu ukizaa, jina lako linawekwa kabatini. Unakuwa Mama Fulani hadi unazeeka. Majirani wote Kibondo walimwita Mama Firdausi. Bi Zuleha peke yake ndiye aliyeendelea, kwenye simu na ana kwa ana: “Asmahani.” Hakusahau. Bi Zuleha hasahau kitu.

Sasa ulikuwa mwaka 2014, kiangazi kikielekea mwisho, vumbi jekundu hadi kwenye kope. Firdausi ametimiza miezi saba na uji ameanza. Mudathiri, mtoto wa kaka yake Bi Zuleha, alimshusha mlangoni Alhamisi jioni na pikapu yake iliyojaa magodoro, yeye akaendelea na safari ya Kakonko.

“Jumamosi mchana napita, shangazi,” alisema. “Mkae tayari, wewe na mtoto.”

“Tutakuwa tayari,” akajibu Bi Zuleha.

Ridhiwani hakuwepo. Alikuwa Gwarama kununua maharage, ndivyo alivyosema kwenye simu. Mwanaume mabega kama mlango, lakini mbele ya mama yake huwa hana hata kifua cha kukohoa. Kwa miezi mitano, kila mama yake alipomwambia “Nitamchukua,” yeye alijibu “Sawa, mama.” Mke wake alipomuuliza “Umekubali?” alijibu “Tutaona.” Halafu siku yenyewe ilipofika akakumbuka maharage.

“Shikamoo, mama,” Asmahani alimpokea, akipiga goti na mtoto mgongoni.

“Marahaba. Hebu mlete.”

Akamshika mjukuu wake, akamnusa shingoni, akamrusha juu. Firdausi alikuwa na meno mawili ya chini na mashavu ya kuuma. Bi Zuleha akamtazama kwa makini, kama anavyotazama jora la kitambaa likiletwa dukani, akitafuta panapofumuka. Hakuona kasoro. Shingoni tu, chini ya kidevu, palikuwa na vipele vyekundu, pamelowa pakababuka.

“Uji huo,” akasema. “Unammwagikia, unakaa hapo, unamchoma.”

“Ego, mama,” Asmahani akakubali kwa Kiha, kisha akajirekebisha. “Ndiyo, mama. Unammwagikia.”

Usiku ulipokaribia Bi Zuleha mwenyewe akamlisha, kwa njia ya kwao. Akamlaza mtoto pajani, akakunja kiganja cha kushoto kikawa bakuli chini ya mdomo, wa kulia akamimina uji kutoka kwenye kikombe. Mtoto akimeza, anameza. Asipomeza, uji unasubiri kiganjani hadi afungue mdomo kuvuta pumzi. Firdausi alirusha miguu, akalia, akameza, akalia tena. Watoto saba wa Bi Zuleha wote walikula hivyo na wote walinenepa. Asmahani alisimama ukutani akiuma pindo la kanga yake. Kikombe kilipokwisha, akakipokea.

“Mama,” akasema, “nina ombi.”

“Sema.”

“Jumamosi, kabla Mudathiri hajafika, nimlishe mwenyewe, uangalie. Nikishindwa, umchukue, na mimi ndiye nitakayekufungia nguo zake kwenye begi. Sitalia mbele yako. Lakini nikiweza, uniachie mwanangu.”

Bi Zuleha alimtazama. Binti hakushusha macho. Hapo ndipo, kwa mara ya kwanza, mama mkwe alimpa alama moja rohoni, ingawa usoni hakuonyesha.

“Na ukimwaga?”

“Nikimwaga, umchukue.”

“Haya. Sitakuwa mimi niliyekataa.”

Alijua atashindwa, kwa hiyo alijiona mtu wa haki kabisa. Tena ili kumpoza akafungua kile kifurushi cha gazeti akamkabidhi. Ilikuwa bibu, kile kitambaa cha mtoto cha kifuani cha kukingia chakula, ameishona mwenyewe kwa popelini nyeupe, ndani ametia taulo, pembeni amezungushia lesi, na juu kamba mbili ndefu za kufungia kisogoni. Mshono umenyooka utadhani umepigiwa rula. Bi Zuleha alishonea watoto wa ukoo mzima bibu za namna hiyo, na hii aliikusudia ya Kasulu.

Asmahani akaipitisha kwenye vidole, akaigeuza, akatazama nyuma ambako fundi mvivu huacha nyuzi. Nyuma nako kulikuwa safi. “Mashaallah,” akasema, na uso ukamfunguka. “Mama, mshono huu! Naomba nilale nayo.”

“Lala nayo,” akasema Bi Zuleha, moyo umemjaa. Nani hapendi kusifiwa?

Basi fikiria hali yake asubuhi, alipotoka na mswaki wake akamkuta Asmahani amekaa mkekani uani, bibu ile ile ameikanyaga kwa kidole gumba cha mguu, wembe mkononi, anafumua kamba.

“Wewe!” Mswaki ulimdondoka. “Unafanya nini? Kazi yangu unaikata? Umechukia sana, sio? Kama una neno na mimi niambie mimi, kitambaa kimekukosea nini?”

Asmahani hakushtuka. Alimalizia mshono aliokuwa nao, akavuta uzi, kamba ya pili ikatoka nzima bila kuacha hata tundu. Ndipo akainua kichwa.

“Sijakata, mama. Nimefumua. Kamba zako hizo hapo, hazijaguswa.” Akazinyoosha mkekani. “Kamba hizi, mama, zinafungwa kisogoni. Zinafungwa kwa mikono mingapi?”

Bi Zuleha alisimama na povu la dawa kwenye midomo, mwanamke mzima, fundi wa miaka na miaka. Alikuwa ameshona bibu ya mtoto wa nyumba hii, akapima shingo kwa makadirio ya fundi, akachagua lesi, jana akamkabidhi Asmahani, na katika yote hayo hakukumbuka hata kidogo kwamba mama wa mtoto hawezi kufunga fundo nyuma ya shingo. Hakufanya makusudi, hapana. Lakini afadhali angefanya makusudi. Aliona haya hadi masikioni.

Akanawa mdomo, akavuta kigoda, akaketi. “Haya,” akasema, sauti imeshuka. “Nionyeshe unataka kuifanya nini.”

“Nimeshashona mbili kabla ya hii,” Asmahani akaeleza. “Ya kwanza niliweka kamba kama hizi, nikafunga kwa meno, nikamvuta nywele mtoto akanichukia siku nzima. Ya pili nikatia lastiki shingoni ipite kichwani, ikambana. Hii nataka kifungio kije mbele, begani, nifunge kwa vidole viwili. Na chini nataka iwe na mfuko.”

“Mfuko wa nini? Mtoto ataweka simu?”

Asmahani akacheka, kwa mara ya kwanza tangu jana. “Utaona, mama.”

Bi Zuleha aliketi pale kwa nia ya kutafuta kosa, nisikudanganye. Jicho la fundi likiwa na kinyongo halina huruma. Akasubiri kwenye uzi: hapo atakwama, mtu wa mkono mmoja atatungaje sindano? Asmahani alichukua kipande cha mche wa sabuni, akachomeka sindano ikasimama wima yenyewe, akalowanisha ncha ya uzi kwa midomo, akaipitisha kwenye tundu mara moja tu. Kisha akazungusha uzi kwenye kidole cha shahada, akausokota kwa gumba, fundo likawa limefungwa. Bi Zuleha, ambaye siku hizi hutunga sindano kwa kuomba watoto wa binti zake, alijikuta ameinama mbele.

Akasubiri kwenye kukata. Asmahani alikuwa na kipande cha kitenge cha bluu chenye maua. Alikitandika kwenye stuli, akakigandamiza kwa kiwiko cha mkono ule mfupi, akaweka sahani juu yake akazungushia kipande cha mkaa, mchoro wa duara la chini ukatoka safi. Mkasi ukapita kwenye mstari pole pole, naye anazunguka stuli badala ya kuzungusha kitambaa. Nguo haikuhama. Fundi wa mjini mwenye mikono miwili huwa anakifukuza kitambaa meza nzima.

Akasubiri kwenye kubana. Hapo ndipo akastaajabu hasa. Asmahani hakutumia pini. Alikwenda kwenye kamba ya nguo, akarudi na vibanio vya kuanikia vimejaa kwenye mfuko wa gauni, akabana kitenge na popelini pamoja, kibanio baada ya kibanio, mkono mmoja tu, kama anayechuma maharage. Vitambaa vikatulia kimoja juu ya kingine bila kuteleza.

“Nani kakufundisha hivyo?” Bi Zuleha akauliza, na alisahau kutia ukali.

“Vibanio? Hakuna. Pini zilinichoma sana.”

Chai ilipoa kwenye kikombe cha Bi Zuleha na hakujua. Asmahani aliweka upande mmoja wa kitambaa chini ya kidole cha mguu, upande mwingine chini ya kiwiko, kikakaza, mkono wa kulia ukaanza kutembea. Sindano iliingia, ikatoka, ikavutwa. Kila baada ya hatua chache alisogeza mguu, akasogeza kiwiko, akaendelea. Mishono midogo, inalingana, haikuvutwa ikakunja nguo wala haikuachwa ikalegea. Na lesi ya Bi Zuleha hakuigusa. Ule mshono wa cherehani uliozunguka bibu aliuacha mzima, akapita ndani yake kwa heshima, kama mtu anayepita kwenye shamba la jirani bila kukanyaga mche.

Bi Zuleha aliliona hilo. Fundi yeyote angeliona.

“Nikushikie hapo?” akasema ghafla, mikono imeshanyooka.

“Hapana, mama, asante. Ukinishikia leo nitaweza, na wewe ukishaondoka nitashindwa.”

Mikono ikarudi mapajani. Bi Zuleha hakuzoea kuambiwa hapana, lakini hiyo aliimeza, tena bila maji.

Pindo la juu la ule mfuko Asmahani alilikunja pana, akalishona likawa njia, upande mmoja ameacha tundu. Kisha akaenda jikoni, akarudi na ukanda mwembamba alioukata kwenye dumu kuukuu la mafuta ya kula, ameshausugua kingo kwa jiwe zikawa laini. Akauingiza kwenye tundu, ukapita hadi mwisho. Na ule mfuko, ambao ulikuwa umelala bapa kama mfuko wa shati, ukafunguka mdomo, ukakaa wazi wenyewe.

“Siku ya kufua nauchomoa,” akasema. “Kwa hiyo sikuziba.”

Loo! Bi Zuleha alipiga kofi la paja. Hakujua kama amelipiga. Alikuwa ameshona tangu msichana, ameshona magauni ya maharusi na kanzu za Idi, na hakuwahi kufikiria kitambaa kinaweza kuambiwa kibaki na mdomo wazi. Alitamani amwite Khatibu aone. Alitamani aiombe bibu ile aende nayo Kasulu akaichunguze. Mwishoni Asmahani alichukua kipande kifupi cha moja ya zile kamba alizofumua, akakifanya kitanzi begani, akashonea kifungo cha shati la Ridhiwani upande wa pili. Akafunga na kufungua kwa vidole viwili mara kadhaa. Kikaitika.

“Kamba yako imepata kazi, mama,” akasema.

“Naona,” akajibu Bi Zuleha, akaenda kuswali.

Mchana ule Asmahani alipokwenda bombani kuchota maji, Bi Zuleha alibaki na mtoto. Akaangalia mlangoni, hakuna mtu. Akaichukua ile kamba iliyobaki nzima, akafunga mkono wake wa kushoto ndani ya kanga, akajaribu kufunga fundo kwenye shingo ya chupa ya chai. Mara ya kwanza kamba ilianguka. Mara ya pili chupa ilianguka. Akaibana chupa kwa magoti, akashika ncha moja kwa meno, akavuta, fundo likateleza likamwachia ladha ya popelini. Firdausi, aliyekuwa ameketi mkekani, alimtazama bibi yake na kamba mdomoni, akacheka hadi akaanguka chali.

“Nyamaza wewe,” Bi Zuleha akamwambia. “Usimwambie mama yako.”

Usiku hakupata usingizi mzuri. Sasa nafsi ilikuwa na mgogoro. Kushona amekubali; angekana hilo angekuwa mwongo mbele ya Mungu. Lakini kushona si kulisha, akajiambia. Kitambaa hakilii, hakirushi miguu, hakipaliwi. Kesho uji ndio utakaosema.

Jumamosi, jua likiwa kichwani, Asmahani alipika uji wa ulezi, akauchuja, akautia maziwa, akaupoza. Akaketi mkekani, mgongo ukutani. Akampakata Firdausi paja la kushoto, akapitisha kanga kiunoni mwa mtoto na kiunoni mwake, ncha akaichomeka kwa ndani. Mtoto akakaa wima, mgongo umeegemea ule mkono mfupi. Akamvalisha bibu. Mkono mmoja ukapita shingoni, kifungo kikaingia kitanzini, tayari. Bi Zuleha aliketi kigodani mbele yao, karibu kabisa, magoti yamekaribia kugusana. Begi tupu lilikuwa mlangoni.

“Bismillahi,” akasema Asmahani, na kijiko cha kwanza kikaenda.

Firdausi akameza nusu, nusu akaitoa kwa ulimi kama watoto wote wanavyofanya. Uji ukateremka kidevuni. Bi Zuleha akaufuata kwa macho: hapo sasa, utaingia shingoni, binti ataweka kijiko chini apanguse, mtoto atashika kijiko, kelele zitaanza. Uji ukateremka kwenye popelini nyeupe, ukapita kwenye kitenge cha bluu, ukaingia mfukoni. Ukakaa. Asmahani akashusha kijiko, akauchota mle mfukoni, akamrudishia mtoto mdomoni, mtoto akameza. Shingo kavu, nguo kavu.

Kijiko kikaenda, kikarudi. Hakuna aliyelazwa chali, hakuna aliyeshindiliwa. Firdausi alikuwa anafungua mdomo mwenyewe, anaufuata uji kwa shingo, anapiga paja la mama yake kiganja akikawizwa. Asmahani alimwimbia chini chini kwa lugha ya kwao, mwana wanje, mwana wanje, yaani mwanangu, na bakuli likashuka hadi katikati.

Halafu mtoto akapaliwa.

Ilikuwa ghafla. Alicheka na uji mdomoni, akavuta pumzi, na sauti ikakatika. Uso ukavimba, macho yakamtoka. Bi Zuleha alisimama, kigoda kikaanguka nyuma, mikono yake yote miwili imenyooka kumnyakua mjukuu wake.

Hakumfikia. Kijiko kilikuwa kimeshatupwa, Asmahani amemwinamisha mtoto mbele juu ya ule mkono mfupi, kifua cha mtoto kimekaa pale ulipoishia mkono kama pametengenezwa kwa ajili yake, na kiganja cha kulia kinapiga mgongoni, katikati ya mabega, kwa nguvu ya kutosha na si zaidi. Pigo la tatu, donge la uji likatoka likaangukia mfukoni. Firdausi akavuta pumzi ndefu, akalia kilio kizuri, cha hasira, cha mtu mwenye afya yake.

Mikono miwili ya Bi Zuleha ilibaki hewani, haina kazi.

Asmahani akalegeza kanga, akamwinua mtoto, akampuliza usoni, akamtuliza begani. “Hora, hora,” akambembeleza, hadi kilio kikawa kwikwi, kwikwi ikawa kimya. Naye mwenyewe alikuwa amepauka na jasho limemtoka. Akamkalisha tena pajani. Akatazama ule mfuko wa kitenge uliojaa uji, kisha akamtazama mama mkwe wake, aliyekuwa bado amesimama.

“Mama, siku ya arobaini uliuliza nitakinga kwa nini,” akasema. Hakusema kwa kejeli. “Nilikusikia. Nimelifikiria swali lako miezi yote hii.” Akaugusa mfuko kwa kidole. “Hiki ndicho kiganja changu cha kushoto.”

Bi Zuleha akaketi. Kigoda kilikuwa kimeanguka, kwa hiyo aliketi chini kabisa, mkekani, miguu mbele kama msichana. Alitamani lile neno la kidevu lirudi mdomoni alitafune. Alimtazama binti wa Harerimana kuanzia kilemba hadi kidole gumba cha mguu kilichokanyaga kitambaa jana, na alichokiona rohoni mwake hakikuwa huruma hata chembe. Ilikuwa ni ile hali ya fundi anapokutana na fundi aliyemzidi.

Nje honi ikalia. Mudathiri, kwa papara zake, akaingia uani anafuta vumbi usoni.

“Shangazi! Barabara mbovu, tuwahi kabla ya giza. Begi liko wapi, hili?” Akalinyanyua, likamjia mkononi jepesi. “Mbona tupu? Mtoto bado hamjamfungia nguo?”

“Punguza sauti,” akasema Bi Zuleha. “Mtoto anakula.”

“Sawa, anakula. Lakini si tunaondoka naye?”

Asmahani alikuwa ameokota kijiko, amekisuuza, amekishika juu ya bakuli. Hakupeleka kijiko wala hakukirudisha. Alisubiri.

“Mbona unaniuliza mimi?” Bi Zuleha akasema. “Muulize Mama Firdausi.”

Mudathiri akatazama huku na huku. “Mama Firdausi ndio nani tena?”

“Huyo hapo. Nawe ukimaliza kushangaa, lipakie begi langu kama lilivyo.”

Firdausi akampiga mama yake paja, mdomo wazi, anadai chake, naye Asmahani akampelekea kijiko, maana uji ulikuwa unapoa. Mkono wake ule mmoja ulikuwa na kazi, kwa hiyo machozi yakashuka yenyewe hadi kidevuni, hakuna wa kuyafuta. Bi Zuleha akasogea pale mkekani, akakinga kiganja chake cha kushoto chini ya kidevu cha mkwewe, na kwa pindo la kanga yake akampangusa.